Mkongwe wa benchi hapimwi kwa pointi

Mashabiki wengi wa mpira wa kikapu huamini kwamba mkongwe anayefunga pointi chache amekwisha, abadilishwe na kijana upesi. Andre Iguodala, mchezaji wa zamani wa NBA (ligi ya kikapu ya Marekani), anatosha kuwajibu.

Msimu wa 2014/15 hakuanza hata mechi moja ya ligi pale Golden State Warriors, na wastani wake haukufika pointi 8. Kwenye fainali, timu ikiwa nyuma 2-1 dhidi ya Cleveland, kocha Steve Kerr akamwanzisha mechi ya nne. Warriors wakashinda tatu mfululizo, na tuzo ya mchezaji bora wa fainali akapewa yeye, si Stephen Curry, nyota wa timu. Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Kazi yake kubwa ilikuwa kumkaba LeBron James, nyota wa Cleveland, na hiyo huioni ukisoma safu ya pointi.

Basi mbona 2019 walimpeleka timu ya Memphis? Si kwamba alikuwa amechuja. Mshahara wake ulikuwa takriban dola milioni 17, NBA ina ukomo wa mishahara, na Warriors walihitaji nafasi ya kumpata mchezaji mwingine, D'Angelo Russell. Hesabu ya fedha tu, tena wakawaongezea Memphis haki ya kuchagua chipukizi katika raundi ya kwanza ya mgawo wa wachezaji wapya.

Kule Memphis Iguodala hakucheza hata dakika moja. Februari 2020 akaenda Miami, wakafika fainali. 2021 akarudi Warriors kwa mshahara wa kima cha chini, na 2022 wakatwaa ubingwa. Kwa bei ile, ungembadilisha na nani?