Ng'wandu, Muandu, Mwandu: jina la ukoo wenu aliliandika nani?

Juzi kaja kijana hapa kwetu nyaraka, kashika karatasi tatu. Cheti cha ubatizo cha babu yake kinasema Muandu, cha kuzaliwa cha baba Ng'wandu, chake cha shule Mwandu, anauliza eti hawa ni watu wa nyumba moja kweli?

Ni wamoja, tena ni mti mmoja, maana ng'wandu kwa Kisukuma ni mbuyu. Kilichobadilika ni nani alishika kalamu. Mjerumani kwao z inasomeka ts na w inasomeka kama v yetu, ndo maana Mwanza akaiandika Muansa, Moshi ikawa Moschi, Kilimanjaro ikawa Kilimandscharo (jamani!). Kwa hiyo ukifungua mafaili ya enzi zile ukatafuta Mw tu utaondoka na vumbi, tafuta Mu. Padri Mfaransa naye u yake ni ou, hata Uganda kwao ni Ouganda.

Halafu kaja Mwingereza, 1930 ikaundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili, ila ni Kiswahili bwana, siyo Kisukuma, hiyo ng'w ni nadra humo kwa hiyo karani anayoisikia anaiwekea Mw ya jirani anaendelea na foleni. Hata Ng'wanamalundi yule mganga maarufu utamkuta kwingine Mwanamalundi. Na siku hizi kuna mifumo ya kompyuta haitaki ritifaa (hicho kialama cha juu kwenye ng'), unapata Ngwandu, wakati ng'ombe na ngoma hata mtoto anajua hazianzi sawa.

Sasa ukitafuta ukoo wenu usianze na kompyuta. Anza na wazee, warekodi kwenye simu wakilitamka, kisha andika namna zote jina linavyoweza kuandikwa ndo uende parokiani kwenye daftari za ubatizo, na Nyaraka za Taifa Dar. Nenda na jina la kijiji na la mtemi wa wakati huo, jina la mtu peke yake halitoshi. Na angalia, kwetu jina la tatu mara nyingi ni la babu tu, siyo ukoo, kina Mwandu wawili wanaweza wasiwe ndugu kabisa, ukoo wenyewe ni kama Babinza, huo ndo wa kuuliza.

Yule kijana tukampigia bibi yake palepale, laudspika. Akalitamka mara moja, Ng'wandu, halafu akauliza, kwani nyie huko mnaliitaje?