Bata mzinga wa kujazwa: aokwe kwa muda gani ili asimdhuru mlaji?

Nina bata mzinga wa kilo 6, nataka kumjaza mkate na vitunguu tumboni. Akae kwenye oveni saa ngapi?

Ukiweka oveni nyuzi 163 za sentigredi (325 kwa oveni za Farenhaiti), bata huyo atahitaji saa 3 na nusu hadi 4. Mdogo zaidi, wa kilo 3.6 hadi 5.4, huiva kwa saa 3 hadi 3 na nusu. Wa kilo 6.3 hadi 8 huchukua saa 4 hadi 4 na robo, na yule mkubwa wa kilo 9 hadi 11 huweza kufika saa 5 na robo. Ndiyo makadirio ya Idara ya Kilimo ya Marekani, na yanahusu bata aliyekwisha kuyeyuka barafu yote. Usishushe moto chini ya hapo ukidhani nyama italainika zaidi. Oveni ya joto dogo huwapa bakteria muda mrefu wa kuzaliana kabla joto halijawafikia.

Lakini saa hizo zinakuambia tu uanze kuangalia lini. Oveni hazifanani, mlango hufunguliwa mara kwa mara, na bata mmoja hujazwa kidogo huku mwingine akishindiliwa. Kinachothibitisha kwamba ameiva ni kipimajoto cha nyama.

Kipimajoto nakichomeka wapi?

Sehemu tatu: ndani kabisa ya paja bila kugusa mfupa, pale kidari kilipo kinene, na katikati ya vile vitu ulivyojazia. Zote tatu zifike nyuzi 74. Watu wengi hupima paja, wakaridhika, wakaisahau hiyo ya tatu, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Bata anapooka, maji ya nyama mbichi hudondokea ndani na kunyonywa na mkate au wali uliomo. Maji hayo yanaweza kubeba salmonela na kampilobakta, bakteria wanaopatikana mara kwa mara kwenye nyama ya ndege. Wakati huohuo, katikati ya tumbo ndiko joto linakochelewa kufika kuliko kwingine kote. Kwa hiyo kidari kinaweza kuwa tayari, ngozi imepata rangi nzuri ya kahawia, na kijiko cha kwanza utakachochota tumboni bado ni kibichi kwa maana ya kiafya, hata kama kina moto wa kuunguza ulimi.

Ukikuta nyama imefika 74 na katikati ya tumbo haijafika, mrudishe kwenye oveni. Funika kidari kwa karatasi ya foili kisikauke, kisha pima tena baada ya robo saa.

Sina kipimajoto. Siwezi kuangalia rangi ya nyama tu?

Rangi hudanganya pande zote mbili. Nyama iliyo karibu na mfupa inaweza kubaki na wekundu ingawa imeiva, na nyeupe ikawa haijafika joto linaloua bakteria. Kama huna kipimajoto, ushauri wangu ni usimjaze kabisa. Oka mchanganyiko wako kwenye bakuli la oveni pembeni. Mimi ningefanya hivyo hata nikiwa nacho: bata mtupu wa kilo 6 huiva kwa saa 3 hadi 3 na dakika 45, na kidari hakikauki kwa kungoja tumbo lipate moto.

Naweza kumjaza usiku, nikamwoka asubuhi?

Hapana. Hata ndani ya friji, katikati ya tumbo lililojazwa hupoa polepole mno. Mjaze dakika chache kabla ya kumwingiza kwenye oveni, kwa kulegeza bila kushindilia, na mchanganyiko uwe na majimaji kiasi kwa sababu joto hupenya upesi zaidi penye unyevu kuliko pakavu. Kama umetia nyama, maini au vitu vya baharini, vipike viive kwanza.

Na barafu?

Iyeyushe ndani ya friji, siku 1 kwa kila kilo 2 hivi. Bata wa kilo 6 anataka siku 3. Usimwache mezani usiku kucha. Nje huwa laini na vuguvugu huku ndani bado jiwe. Wala usimwoshe kwenye sinki, maana maji yanayoruka husambaza bakteria kwenye vyombo na mboga.

Akishaiva?

Mwache atulie dakika 20, kisha toa vyote vilivyomo tumboni, ndipo ukate nyama. Mabaki yaingie friji ndani ya saa 2, yakiwa kwenye vyombo vifupi ili yapoe upesi. Hili lina sababu yake: kuna bakteria aitwaye klostridiamu ambaye mbegu zake huvumilia joto la kupikia, kisha huchipua na kuzaliana chakula kinapokaa vuguvugu. Mabaki yaliwe ndani ya siku 3 hadi 4, yakipashwa hadi nyuzi 74.

Nimekula jana, leo tumbo linasokota. Nifanye nini?

Kunywa maji kidogokidogo na mara nyingi. Dawa ya chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini ni bora zaidi. Wengi hupona wenyewe. Nenda hospitali ukiona damu kwenye choo, homa inayopita nyuzi 38.9, kuharisha zaidi ya siku 3, kutapika kusikoacha maji yakae tumboni, au kukojoa kidogo sana huku ukihisi kizunguzungu. Mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5, mzee na mwenye kinga dhaifu wasisubiri dalili zifike huko. Dalili za salmonela zinaweza kuchelewa hadi siku 6, kwa hiyo mweleze daktari ulichokula wiki nzima iliyopita.