Treni ya mizigo haisimami kwa kutaka tu: dhana potofu za watu wa kando ya reli

Lubumbashi ni mtoto wa reli. Treni ya kwanza ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea kusini kupitia Sakania, na mpaka leo watu wanatembea juu ya reli kama njia ya mkato na kuuza makala ya kupikia kandokando yake. Kwa hiyo kila mtu ana lake la kusema juu ya mashinisti, yaani dereva wa treni. Mengi ya hayo yana mzizi mmoja: watu hudhani kazi ngumu ni kuivuta treni. Kuvuta si shida kubwa. Shida ni kuisimamisha, kisha kuhakikisha inabaki pale ilipoachwa.

«Mashinisti akikuona atafunga breki.» Atafunga, ila itakuwa imechelewa. Chuma juu ya chuma huteleza. Ndiyo maana lokomotivu moja (kichwa cha treni) huweza kuvuta tani 1,000, na ndiyo maana tani hizo hazikamatiki upesi. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, treni ya uzito huo hula mamia ya mita kabla ya kutulia, na kwenye mteremko au reli yenye unyevu inaweza kupita kilomita nzima. Usukani hana, kukwepa hawezi. Kinachobaki ni honi, ile ile inayolaaniwa na watu waliolala.

«Breki iko kwenye lokomotivu.» Lokomotivu ina yake, lakini nguvu kubwa ya kusimamisha iko chini ya mabehewa. Bomba moja la hewa linapita treni nzima, behewa kwa behewa, na kila behewa lina tangi lake dogo. Wengi wanadhani hewa ikijaa bombani ndipo breki hukamata. Ni kinyume. Hewa ikijaa, breki zinaachia. Ikishuka, valvu ya kila behewa inafungulia hewa ya tangi lake, nayo inasukuma sabo, vile vipande vya breki, zibane magurudumu. Breki ya zamani ya vakyumu, ambayo bomba lake hunyonywa hewa, nayo ina mantiki hiyo hiyo: kinachokatika kinasimamisha. Ndiyo sababu kiungo kikivunjika katikati ya safari na bomba likachomoka, vipande vyote viwili vya treni hujifunga vyenyewe.

Ila mfumo huo una mtego. Kila mwisho wa behewa kuna robine ya kufunga bomba. Robine moja ikisahaulika imefungwa baada ya manevri (kupanga na kuunga mabehewa), mabehewa yote yaliyo nyuma yake hayasikii amri ya mbele. Hewa yao imenaswa humo, sabo zimelegea, na saa ya presha kwa mashinisti inaonyesha mambo ni mazuri. Hilo si jambo la kubuni: Juni 1988, katika kituo cha Gare de Lyon jijini Paris, treni ya abiria ambayo robine yake ilikuwa imefungwa iligonga nyingine iliyosimama, wakafa watu 56.

Kwa hiyo ukiona mtu anatembea polepole kando ya treni iliyo tayari kuondoka, anainama kila behewa, usiseme anapoteza muda. Bomba linajazwa kwanza, katika mifumo mingi mpaka presha ya bar 5, kisha wanatazama kama presha inavuja. Mashinisti anapunguza takriban nusu bar. Mwenzake anakagua kama sabo zimebana kweli, na behewa la mwisho ndilo shahidi mkuu: likibana, hewa imefika hadi mkiani. Kisha breki zinaachiwa, wanahakikisha zote zimelegea, maana sabo iliyokwama inachemsha gurudumu njia nzima. Kwa treni ndefu hiyo ni kazi ya muda mrefu, na hakuna njia halali ya kuifupisha.

Kwenye mteremko kuna kosa jingine: kufunga na kuachia, kufunga na kuachia, kama dereva wa lori anayekanyaga pedali. Kila mara matangi ya mabehewa yanatoa hewa, na kuyajaza upya kunachukua muda. Anayerudia haraka mno anafika katikati ya mlima akiwa na breki za jina tu. Mashinisti mzoefu hupunguza mwendo juu kabla ya kuanza kushuka, akasaidiwa na breki ya umeme ya lokomotivu kama ipo.

«Injini imezimwa, kwa hiyo treni imelala.» Hii ndiyo dhana inayoua zaidi, kwa maoni yetu. Hewa inayobana sabo nayo huvuja, na kompresa ya injini iliyozimwa haijazi tena. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai 2013, treni ya mafuta ghafi yenye matangi 72 iliachwa mlimani karibu na Lac-Mégantic, Kanada. Breki za mkono 7 tu ndizo zilizokuwa zimefungwa. Injini ikazimwa baada ya kuwaka moto, hewa ikaisha taratibu, treni ikateremka peke yake mpaka mjini. Watu 47 wakafa. Wachunguzi walikadiria kwamba zilihitajika breki za mkono kati ya 17 na 26. Jaribio la kuona kama zinashikilia lilikuwa limefanywa, lakini breki za hewa za lokomotivu zikiwa bado zimefungwa, kwa hiyo halikupima kitu. Jaribio la kweli ni kuachia breki zote za hewa, kuvuta na kusukuma kidogo kwa lokomotivu, na kuona kama breki za mkono peke yake zinashikilia.

Ile mishtuko inayosikika treni inapoanza? Si ulevi wa mashinisti. Kila kiungo kina uhuru wa sentimita kadhaa. Behewa la kwanza linaondoka, kisha la pili, kisha la tatu, na uzito haudaiwi wote kwa pamoja. Akivuta kwa pupa, ndipo kiungo hukatika.

«Behewa tupu halina hatari.» Kinyume chake, uzito mdogo hushikilia gurudumu vibaya, na kwenye kona ukingo wake hupanda reli kwa urahisi zaidi. Mabehewa mengi yana wenzo wa kupanga nguvu ya breki: «tupu» na «lenye mzigo». Ukiachwa upande wa mzigo wakati behewa ni tupu, magurudumu hujifunga, huteleza na kupata mabapa yanayogonga reli. Ukiachwa upande wa tupu na behewa limejaa, breki ni dhaifu pale zinapohitajika zaidi.

Reli yetu ya milimita 1,067 nayo huitwa nyembamba na dhaifu. Ni upana ule ule wa Zambia, wa Afrika Kusini na wa njia ya kwenda bandari ya Lobito, Angola, kupitia Dilolo. Njia ya madini ya chuma ya Sishen hadi Saldanha, huko huko Afrika Kusini, imebeba treni za mabehewa 342 kwa upana huo huo. Kinachoangusha treni ni reli isiyotunzwa.

Kuhusu kudandia mizigo hatuna mengi: Machi 2022 treni ya mizigo iliacha njia huko Buyofwe, mkoani Lualaba, wakafa zaidi ya watu 60, wengi wao wakiwa wamedandia. Na kuna wanaosema waya wa juu hauna umeme kwa sababu lokomotivu inayopita ni ya dizeli. Njia ya Lubumbashi kuelekea Likasi na Kolwezi iliwekewa volti 25,000, na waya haujui ni injini gani iko chini yake. Umeme huo huruka kabla hujaugusa. Mtu akipigwa juu ya behewa, usipande kumtoa. Umeme ukatwe kwanza, kisha fundi aunganishe waya na ardhi. Kabla ya hapo, kila mmoja abaki chini.