Ndala ikikuvuka bila wewe kujua

Fundi cherehani mmoja wa Kariakoo aliingia chumba changu cha daktari na ndala moja. Ya pili ilimvuka koridoni, hakujua mpaka mkewe alipomfuata nayo mkononi. Miezi mitatu alikuwa akichomwa sindano za maumivu ya mgongo, na eksirei ya kiuno aliyopigwa ilikuwa safi. Kilichomleta kwangu si mgongo tena: mguu haukuwa ukiisikia pedali ya cherehani.

Ndani ya pingili za mgongo unapita ugwe mgongo, kamba laini ya mishipa ya fahamu yenye unene kama wa kidole cha mwisho. Unashuka kutoka kwenye ubongo na kuishia karibu na pingili ya kwanza ya kiuno. Umezungukwa na mfupa pande zote, kwa hiyo kinachoota au kuvimba humo kitaukandamiza tu. Inaweza kuwa pingili iliyovunjika kwa ajali ya bodaboda, saratani iliyosambaa kutoka tezi dume au titi, diski (mto laini ulio kati ya pingili) iliyochomoza, au shingo iliyochakaa kwa umri. Na TB. Hiyo huweza kukaa mgongoni bila mtu kukohoa hata siku moja.

Nilimlaza, nikaanza kumgusa kwa kijiti chenye ncha kutoka kidole gumba cha mguu nikipanda.

"Inachoma, mzee wangu?"

"Hapana, dokta."

Goti, hapana. Paja, hapana. Nilipovuka kitovu akashtuka: "Hapo sasa!"

Mpaka ule ulinionyesha njia. Mishipa ya fahamu ya ngozi ya kitovu hutoka kwenye ugwe usawa wa kifua, fungu la 10, hivyo kasoro ilikuwa hapo au juu zaidi. Eksirei ya kiuno ingeionaje? Nikamkwangua unyayo, kidole gumba kikanyanyuka badala ya kujikunja. Kwa mtu mzima hiyo ni dalili kwamba njia itokayo kwenye ubongo imeguswa. MRI (picha ya sumaku) ya mgongo mzima ikaonyesha pingili mbili zilizoliwa, na usaha ukiuminya ugwe. Sampuli ikathibitisha TB.

Maumivu mengi ya mgongo hupoa yenyewe. Yanayonitia hofu ni yale yanayozidi ukilala usiku, yanayokubana kifuani kama mkanda, yanayokuja na homa au kukonda, au yanayompata aliyewahi kuugua saratani. Miguu ikianza kuwa mizito na ganzi ikipanda, usisubiri kliniki ya wiki ijayo, na tafadhali usikubali kukandwa. Najua watu huona haya kuutaja mkojo, lakini mimi namuuliza kila mgonjwa. Ukigoma kutoka, au ukikutoka bila wewe kuhisi, nenda idara ya dharura siku hiyo hiyo. Anayefika angali akitembea ana nafasi kubwa zaidi ya kubaki akitembea kuliko anayeletwa amebebwa.

Fundi alifanyiwa upasuaji, akameza dawa za TB mwaka mzima. Mguu wa kulia bado mzito kidogo. Pedali anaikanyaga kwa wa kushoto.