Hifadhi ya nyaraka za dini ni kitu gani hasa, na sisi watu wa Bagamoyo inatuhusu vipi

Mwaka juzi mjomba wangu alikuwa anafuatilia cheti cha kuzaliwa. Mzee wa miaka sabini na kitu, kazaliwa nyumbani kwa mkunga, hana karatasi hata moja, na kule alikoenda wakamwambia alete chochote chenye jina lake na tarehe. Tukahangaika wiki nzima mpaka shangazi akakumbuka kwamba mjomba alibatizwa akiwa mchanga, basi tukaenda parokiani, katibu akatoa likitabu likubwa jalada limechakaa, akawa anafunua taratibu huku anashusha kidole, na katikati ya ukurasa mmoja tukamkuta. Jina lake, jina la baba, jina la mama, msimamizi wake, siku aliyozaliwa, siku aliyobatizwa, padri aliyembatiza. Pembeni kabisa, kwa wino mwingine, pameandikwa alifunga ndoa lini na wapi. Mjomba hakuongea kitu, alisoma jina la mama yake mara mbili tatu, maana mama alifariki yeye akiwa mdogo na hakuwahi kuliona limeandikwa popote.

Kile kitabu ni nyaraka ya dini. Na mahali panapotunza vitu kama kile kwa mpangilio, pamoja na barua, madaftari, picha, ramani, kaseti na siku hizi mpaka mafaili ya kompyuta, ndipo panaitwa hifadhi ya nyaraka za historia ya dini. Nimeona nilielezee hili kwa sababu watu wengi hapa kwetu wakisikia hifadhi ya nyaraka wanadhani ni maktaba, au wanadhani ni makumbusho, na wengine wanadhani ni stoo ya karatasi za zamani ambazo hazina kazi tena.

Tofauti yake ni hii. Kitabu cha maktaba kimeandikwa ili wewe na mimi tukisome, na kikipotea kimoja kuna nakala nyingine mahali. Makumbusho, mfano ile ya Misheni, yaani misheni ya Kikatoliki hapa Bagamoyo, kwenye jengo la zamani la masista, unaoneshwa vitu na maelezo yamebandikwa tayari ukutani, yaani kuna mtu kashakutafsiria. Nyaraka ni karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya kazi nyingine kabisa, wala aliyeiandika hakukuwaza wewe. Padri aliandika jina la mtoto kwa sababu sheria ya kanisa inamtaka aandike, hilo la kutunza vitabu vya ubatizo na ndoa liliamriwa na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, mwaka 1563. Ile ndoa ya mjomba ikaandikwa pembeni ya ubatizo wake ili asije akaenda parokia nyingine akajifanya hajaoa. Hakuna aliyekuwa anaandika historia pale. Lakini miaka sabini baadaye karatasi hiyohiyo inamrudishia mzee jina la mama yake, na hiyo ndiyo nguvu ya nyaraka, kwamba inakuambia kitu ambacho mwandishi hakukusudia kukuambia.

Ndiyo maana watunza nyaraka wana kanuni moja wanaishika sana, kutovuruga mpangilio. Ukikuta barua ishirini zimefungwa pamoja kwa kamba usizifungue ukazipanga upya kwa tarehe kwa kuona unasaidia, kwa sababu kule kuwekwa pamoja ni habari tosha. Pengine zote zilihusu kesi moja, pengine kadhi au paroko alizitenga kwa sababu anazijua mwenyewe. Ukishazichanganya umefuta kitu ambacho hakijaandikwa popote na hakirudi. Vilevile lazima ijulikane karatasi imetoka wapi, kwa nani, ilipitia mikono ya nani, la sivyo mtafiti hawezi kuiamini hata ikiwa nzuri namna gani.

Sasa njoo Bagamoyo uone inavyofanya kazi. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Zanzibar mwaka 1863, na mwaka 1868 wakavuka kuja kufungua misheni hapa chini ya Padri Antoine Horner. Wakawa wanawakomboa watumwa, wengi wao watoto, na kuwaweka kwenye kijiji pale Misheni. Hao mapadri walikuwa wanaandika sana, jamani. Daftari la matukio ya misheni lilikuwa linajazwa mara kwa mara, nani kafika, nani kafa, mvua imenyesha, msafara umetoka bara. Na barua zilikwenda Ulaya kwa wakuu wao na kwa wafadhili. Barua ya kuomba msaada huwa inaandikwa kwa namna yake na daftari la ndani kwa namna yake, na mtafiti anayejua kazi anaziweka zote mbili mezani anazisoma sambamba. Paul Kollman, padri na mwanahistoria wa Marekani, alifanya hivyo na karatasi za misheni hizi, na humo ndani ya maandishi ya wamisionari wenyewe akawaona wale watu waliokombolewa kama watu wenye maamuzi yao, wengine wakilalamika, wengine wakiondoka zao kwa kuchoka na masharti. Hakuna mmoja kati yao aliyeacha kitabu cha maisha yake, tunawajua kwa sababu kuna mtu alikasirika akaandika daftarini kwamba wameondoka.

Kinachoniuma ni kwamba sehemu kubwa ya karatasi za shirika hilo ziko Chevilly-Larue, karibu na Paris, na zimeandikwa Kifaransa. Mtoto wa Dunda au Magomeni, mitaa ya hapa kwetu, akitaka kujua babu wa babu yake aliishije pale Misheni, itabidi ajue Kifaransa na apate nauli na viza. Silaumu mtu, shirika lina haki ya kutunza vitu vyake na limevitunza vizuri, lakini ndiyo hapo unaona kwa nini kuskani na kuweka kwenye intaneti siyo mambo ya fasheni tu.

Mfano mwingine kila muongozaji watalii hapa anao. Tarehe 24 Februari 1874 mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Scotland, ulifikishwa Misheni ukalazwa kwenye mnara wa kanisa la zamani kabla ya kuvushwa Zanzibar. Wote tunawataja Chuma na Susi, wahudumu wake waliousindikiza mwili, sawa kabisa. Lakini alikuwepo pia Jacob Wainwright, kijana aliyeokolewa utumwani akasomeshwa Nasik kule India, ambaye aliandika shajara ya safari ile kwa mkono wake, na shajara hiyo ipo mpaka leo kwenye makumbusho ya Livingstone huko Blantyre, Scotland. Miaka mingi safari ile ilisimuliwa kama habari ya mzungu aliyekufa. Daftari moja la Mwafrika lililotunzwa linakufanya uisikie kwa mdomo wa waliobeba mzigo.

Na nisije nikaeleweka kwamba nyaraka za dini ni za kanisa tu. Bagamoyo ni mji wa Waislamu kabla ya misheni na baada yake, nenda Kaole uone magofu ya misikiti na makaburi. Sheikh Yahya bin Abdallah, tunayemuita Sheikh Ramiya, aliletwa hapa mtoto kama mtumwa kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, akaja kuwa khalifa, yaani kiongozi, mkubwa wa Qadiriyya, tarika ya masufi, pwani nzima, alifariki 1931 na mpaka leo watu wanakuja kwa ziara. Maisha kama hayo yana nyaraka zake: ijaza, yaani ruhusa ya kufundisha, anayopewa mwanafunzi na sheikh wake, silsila inayoonesha elimu imepokewa kutoka kwa nani mpaka nani, barua kati ya masheikh wa mji na mji, hati za wakfu za nyumba na mashamba, khutba zilizonakiliwa kwa mkono, vitabu vyenye maandishi pembeni ambapo mwenye kitabu kaandika kazaliwa mtoto siku fulani au kakopesha shilingi ngapi kwa nani. Mtafiti akiziunganisha anapata njia elimu ilivyosafiri, Zanzibar, Lamu, Tanga, Hadhramaut kule Yemen, na anaona kwamba watu wa pwani walikuwa wanasoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya shule ya Mjerumani, jambo ambalo ukilisema bila ushahidi wa karatasi kuna watu bado wanabisha.

Lakini angalia tofauti ilipo. Padri aliamriwa kuandika na karatasi zake zina kabati la ofisi. Karatasi za masheikh ziko majumbani, kwenye masanduku ya bati, chini ya vitanda, na mwenye sanduku akifariki wajukuu wasiosoma herufi zile wanaziona takataka. Na dini za jadi, mizimu, matambiko, waganga wetu, hizo hazina karatasi kabisa isipokuwa pale mtu wa dini nyingine alipoziandika, mara nyingi kwa kuzilaani. Kwa hiyo hifadhi ya nyaraka ukiiachia ijijaze yenyewe itakupa historia yenye upande mmoja mnene na pande mbili nyembamba. Ndiyo maana hifadhi makini inarekodi pia sauti za wazee, na sauti hiyo ikishaandikwa jina la msemaji, siku na mahali, inakuwa nyaraka kama nyingine.

Hapo Lamu walifanya kitu ambacho natamani tukifanye hapa. Maandiko ya Msikiti wa Riyadha yalipigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004. Vitabu vimebaki Lamu kwa wenyewe, picha zinasomwa na yeyote duniani. Sisi Tanzania nasi hatujakaa bure, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo wa maandiko ya Kiswahili na Kiarabu uliokusanywa kwa kazi ya J.W.T. Allen, na mkusanyo wa maandiko ya Kiarabu wa Zanzibar uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003.

Kwa mtu wa kawaida asiye mtafiti faida zake ni za nyumbani zaidi. Kama mjomba, kupata tarehe. Kujua ukoo. Kumaliza ubishi wa kiwanja cha msikiti au shamba la kanisa kabla haujafika mahakamani. Mwalimu kumpa mwanafunzi kazi ya kutafuta kitu cha kweli kuhusu mtaa wake badala ya kunakili. Hata kujua mliishije, mfano wakati wa vita vya Abushiri, watu wa pwani walipowapinga Wajerumani, mwaka 1888 na 1889 watu waliokimbia mapigano walikimbilia Misheni, na vitu kama hivyo ni vizuri vijulikane kwenye mji ambao adhana na kengele vinasikika kutoka kibaraza kimoja.

Ukienda usiogope. Andika barua ya maombi, au pata ya utambulisho kutoka chuoni au serikali ya mtaa, beba kitambulisho, sema unatafuta nini na cha miaka gani, ukisema tu nataka historia ya Bagamoyo utamchosha mhudumu. Utaacha begi nje, utaandika kwa penseli maana wino ukidondoka hautoki. Mikono iwe safi na mikavu. Usilambe kidole kufunua ukurasa, wazee wetu mnisamehe. Na usishangae ukiambiwa faili fulani bado halijafunguliwa, kuna kesi za ndoa, watoto wa kulelewa, mashauri ya watu, hayo yanafungwa kwa miaka mpaka wahusika na watoto wao wasiumie. Hata Vatican nyaraka za Papa Pius XII aliyefariki 1958 zilifunguliwa kwa watafiti Machi 2020.

Adui mkubwa pwani ni hewa yenyewe. Unyevu, chumvi, joto, halafu mchwa na mende. Parokia moja ninayoijua paa lilivuja masika, vitabu viwili vikaloa vikagandana kama tofali, waliomo humo wamepotea mara ya pili. Na adui mwingine ni sisi wenye nia njema, tunabandika selotepu penye mpasuko, baada ya miaka michache gundi inakuwa njano na kula maandishi, au tunapeleka hati ikafungwe kwenye plastiki ya moto na haitoki tena humo. Boksi safi, juu ya sakafu, mbali na ukuta, hewa ipite, hapo umeshafanya kazi kubwa bila hela.

Jirani yetu hapa, mzee wa madrasa, ana sanduku la bati lenye khutba za babu yake na barua ambazo hata yeye hajazisoma zote. Baada ya ile habari ya mjomba akaniita akaniuliza kama simu yangu inapiga picha nzuri. Tumekubaliana tuanze baada ya Maulidi, karatasi moja moja, kila fungu kama lilivyofungwa na kamba yake, nami niandike kwenye daftari kila picha imetoka fungu gani. Sharti lake ni moja tu, sanduku halitoki chini ya kitanda chake.