Kufuatilia programu kwa mkono ni nini?

Kufuatilia programu kwa mkono ni kushika kalamu na karatasi, kuisoma programu mstari kwa mstari kwa mpangilio uleule ambao kompyuta ingeufuata, na kuandika thamani ya kila kigeu kila inapobadilika. Kigeu ni jina lililobeba thamani. Ukiona `jumla = 0`, usisome "jumla ni sawa na sifuri" kama kwenye hisabati; soma "jumla sasa ibebe sifuri". Baadaye itabeba kingine.

Wanaoanza programu wengi hujiandaa kwa mtihani wa mwisho kwa kusoma slaidi na kukariri majibu ya pasti pepa. Mimi naona muda huo ungefaa zaidi kwenye kufuatilia. Muhula mzima umezoea kubofya na kuona jibu kwenye skrini. Pale penye karatasi ya mtihani hakuna cha kubofya, na swali linasema tu: programu hii itachapisha nini?

Chukua mfano huu wa Python, mojawapo ya lugha za kuandikia programu:

```
jumla = 0
for i in range(1, 5):
    if i % 2 == 1:
        jumla = jumla + i
print(jumla)
```

Chora jedwali lenye safu mbili, ya `i` na ya `jumla`. Alama `%` hutoa baki la mgawanyo, kwa hiyo sharti la `if` linauliza kama `i` ni witiri. `i` ikiwa 1, jumla inakuwa 1. Ikiwa 2, sharti halitimii, jumla inabaki 1. Ikiwa 3, jumla inakuwa 4. Ikiwa 4, haibadiliki. Kitanzi, yaani `for` inayorudia mistari iliyo ndani yake, kinaishia hapo, maana `range(1, 5)` haiifikii 5. Jibu ni 4. Aliyeihesabu 5 ataandika 9, na atatoka chumbani akiamini amepata.

Sasa isogeze `print` ndani ya kitanzi, ibaki mstari wa mwisho lakini ianze usawa mmoja na neno `if`. Itachapisha mara nne: 1, 1, 4, 4. Isogeze tena hadi ndani ya `if` yenyewe: 1, kisha 4. Maneno ni yaleyale, kilichohama ni nafasi tu za mwanzo wa mstari. Ndiyo maana nasisitiza jedwali: jicho likisoma haraka hulipita jambo hili, lakini kalamu inayojaza safu lazima isimame na kuuliza mstari huu ni wa nani.

Angalia pia aina ya thamani. `input()` hurudisha maandishi hata mtu akiandika tarakimu, hivyo 3 na 4 zilizopokelewa hivyo zikijumlishwa zinatoa 34. Na `7 / 2` katika Python ni 3.5, ilhali katika lugha ya Java, namba zote mbili zikiwa kamili, ni 3.

Katika mazoezi, maliza jedwali kwanza ndipo uiendeshe programu kwenye kompyuta. Majibu yakitofautiana, usifute. Weka `print(i, jumla)` mwishoni mwa kila mzunguko, ulinganishe na safu zako mpaka uupate mstari wa kwanza mliotofautiana.