Elimu kwa Umma: Honen hakuhubiri ruhusa ya kutenda dhambi

Tangu tuanze mfululizo huu kuhusu dini za Asia, swali moja halikomi: je, Honen, mtawa wa Kibudha wa Japani, alifundisha kwamba mtu akishalitaja jina la Amida, budha anayeaminiwa kuwaokoa wanaomwita, basi atende apendavyo? Hapana. Tulishajibu, na tunajibu tena kwa sababu swali hili linamdhulumu mtu aliyetafuta kwa miaka mingi.

Honen alizaliwa Japani mwaka 1133. Akiwa mtoto, baba yake alivamiwa usiku akauawa. Inasimuliwa kuwa alimwusia mwanawe asilipize kisasi. Kijana akapanda mlima Hiei, karibu na Kyoto, kusomea utawa. Kule juu wokovu ulidai muda, elimu au mali: kutafakari, kushika miiko, kugharimia mahekalu. Mvuvi aishiye kwa kuua samaki angeupata wapi? Mwaka 1175 Honen alikuta jibu katika maandishi ya Shandao, mtawa wa China wa karne ya 7: litaje jina la Amida kwa moyo wote, utembeapo, uketipo, ulalapo. Akashuka mlimani. *Namu Amida Butsu*, yaani “najikabidhi kwa Budha Amida”. Hata asiyejua kusoma anayaweza maneno hayo.

Sasa mfuatano wa matukio, maana hapa ndipo wengi wanapochanganya. Mwaka 1204, watawa wa Hiei walipolalamikia mafundisho yake, Honen alitoa hati ya vipengele 7, wafuasi wapatao 190 wakaitia saini. Ilikataza kuwakashifu mabudha wengine, na ilikataza waziwazi kuhimiza watu wavunje miiko ya pombe, nyama na uzinzi. Tafadhali isomeni kabla ya kumhukumu. Mwaka 1205 hekalu la Kofukuji likapeleka mashtaka 9 kwenye baraza la mfalme, na mwaka 1207 marufuku dhidi ya mafundisho hayo ikatoka. Wafuasi kadhaa, wakiwemo Juren na Anraku, waliuawa. Honen na mwanafunzi wake Shinran walivuliwa utawa, wakapewa majina ya kiraia, ndipo wakahamishwa: Shinran jimbo la Echigo, Honen kisiwa cha Shikoku akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, kwa jina la Fujii Motohiko. Msamaha ulikuja mwaka huohuo, ila kutoka uhamishoni ni jambo moja na kuingia Kyoto ni jingine. Ruhusa hiyo ya pili ilichelewa hadi 1211.

Alifariki mwanzoni mwa 1212. Siku mbili kabla, aliacha ukurasa mmoja tu: hata msomi wa maandiko yote ajihesabu kama asiyejua herufi, asijionyeshe mwenye hekima, alitaje jina.